Sufuria ya Mtu Mmoja

Tumezoea kusikia kwamba aishiye peke yake hana sababu ya kupika. Sisi hatukubali. Katika vyumba vya kupanga vya Mbagala na Tandale wamo wajane na vijana wanaolala kwa chai na andazi, eti kupikia mtu mmoja ni hasara.

Robo ya pakiti ya makaroni ya gramu 500 yatosha. Tuyachemshe yasiive kabisa, tuchanganye na rojo la nyanya na yai, tuoke katika sufuria ndogo: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, kama mkate wa kumimina. Tusipike ya siku tatu. Pasipo jokofu, joto letu litayachachusha. Mwenye jiko la gesi tu na aombe makaa kwa jirani, kisha ampelekee kisahani. Huenda jirani naye hajapika.