Jua ni la Wote, Waya Usiwe wa Wachache



Umeme wa Kenya ulizaliwa kisiwani. Mwaka 1875 Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, alijipatia jenereta ya kuangazia kasri lake na njia za jirani. Mwaka 1908 jenereta hiyo ilinunuliwa na Harrali Esmailjee Jeevanjee, mfanyabiashara wa Mombasa, na kutokana nayo ikaundwa Mombasa Electric Power and Lighting Company, kampuni ya kukipa kisiwa chetu taa. Mwaka 1922 kampuni hiyo iliunganishwa na ile ya Nairobi, na mwaka 1983 shirika lililotokana na muungano huo likapewa jina la Kenya Power and Lighting. Basi taa ilianzia kasrini, ikapitia kwa tajiri, na mwisho ikamfikia mwananchi kwa bei ambayo hakuulizwa.

Leo twazungumzia kawi isiyokwisha: ya jua, ya upepo, ya maji na ya mvuke wa ardhini. Wako wanaodhani kwamba hilo ni jambo la wahandisi peke yao. Sisi twasema ni jambo la haki. Hakuna anayetilia shaka kwamba jua litawaka kesho. Yafaa tuulize ni nani atakayeandika mkataba, nani atakayeusoma, na nani atakayelipa.

Tuwe wakweli kwanza. Kwa upande wa kawi safi, Kenya si nchi ya kuonewa aibu. Sehemu kubwa ya umeme wetu hutokana na mvuke wa Olkaria, uliotumika tangu 1981, mabwawa ya mto Tana, upepo wa Marsabit na jua la Garissa. Hapa Pwani, kituo cha jua cha Langobaya, karibu na Malindi, kilianza kazi mwaka 2021 kikiwa na uwezo wa megawati 40. Hata hivyo, itazame risiti ya tokeni. Ndani yake mna gharama ya mafuta. Mitambo inayochoma mafuta, kama ile ya Kipevu hapa ng'ambo, inapowashwa kuziba pengo, bei ya mafuta hayo hugawanywa kwa wateja wote wa nchi, uniti kwa uniti. Fundi wa kanzu wa Kibokoni mwenye cherehani moja hulipa. Mama anayeuza barafu kutoka friji ya nyumbani hulipa.

Na si mafuta peke yake yanayotugharimu. Mitambo 365 ya Lake Turkana Wind Power, yenye uwezo wa megawati 310, ilikamilika mwaka 2017. Ikakaa bila kumpa mtu umeme hadi Septemba 2018, kwa sababu njia ya nyaya ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, iliyokuwa wajibu wa serikali, haikuwa tayari. Mkataba ulidai fidia kwa umeme ambao haukumfikia yeyote. Upepo ulivuma kama kawaida. Waliolala ni wenye dhamana, na aliyetozwa ni mwananchi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mikataba ya umeme ndiyo daftari letu, nayo kwa miaka mingi imefungiwa makabatini.

Kisiwa kina udhaifu wake, na ndugu zetu wa Unguja wanaujua kuliko sisi. Umeme wao hutoka Tanzania bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Mwaka 2008 walikosa umeme kwa karibu mwezi mzima. Desemba 2009, karne moja baada ya jenereta ya Barghash kuvushwa kuja kwetu, giza lilirudi na halikuondoka hadi Machi 2010. Pampu zilisimama, maji yakawa ya kutafutwa kwa ndoo. Mwenye fedha akanunua jenereta, maskini akanunua mshumaa. Waya mpya wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013, lakini tegemeo limebaki lile lile, yaani waya kutoka ng'ambo.

Asicheke mtu wa Mombasa. Umeme wetu na maji yetu pia huvuka kutoka bara. Ukame wa 1999 na 2000 ulipopunguza maji ya mabwawa, taifa zima liligawiwa umeme kwa saa. Usiku wa Agosti 25, 2023, karibu nchi yote iliingia gizani. Zahanati yenye dawa za kutunzwa baridini haiwezi kuwekewa matumaini kwenye waya mmoja.

Je, tuna nini mikononi? Kaskazi na kusi ndizo zilizoleta majahazi Bandari ya Kale, lakini kisiwa kilichojaa nyumba hakina nafasi ya mitambo mikubwa ya upepo. Bamvua hupandisha na kushusha maji ya Kilindini zaidi ya mita 3, lakini umeme wa maji kujaa na kupwa bado ni ghali, na vituo vyake duniani ni vichache. Atakayekuja kutuuzia ahadi za bahari aulizwe hesabu kabla ya kupigiwa makofi. Kilichobaki, na ambacho ni kikubwa, ni jua. Tuko nyuzi 4 tu kusini mwa Ikweta, na kila shule, kila kanisa, kila msikiti na kila ghala la bandarini lina paa.

Sheria i upande wetu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti sehemu ya kazi ya usambazaji wa umeme na usimamizi wa kawi. Sheria ya Kawi ya 2019 inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa kawi, na inamruhusu mteja mwenye mtambo usiozidi megawati 1 kuomba kuuingiza umeme wake wa ziada kwenye nyaya za taifa. Kanuni za 2024 zinamhesabia nusu uniti kwa kila uniti anayoingiza. Kampuni ina hoja yake: nyaya na nguzo zina gharama, na lazima mtu azilipie. Lakini kama nusu ndiyo kipimo cha haki, tuonyeshwe hesabu iliyozaa nusu hiyo.

Tena tuangalie ni nani anayeweza kuitumia ruhusa hiyo. Mwenye hoteli ana paa lake na benki yake. Katika Mji wa Kale, wengi ni wapangaji. Nyumba nyingine ni za wakfu au za urithi wa watu ishirini, na eneo zima liko chini ya hifadhi. Hatutaki paneli zitundikwe ovyo juu ya roshani zilizochongwa. Wazee waliojenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, wakaacha vichochoro vyembamba vya kuzuia jua, walikuwa wakitunza kawi kabla neno hilo halijajulikana. Twataka kanuni ya wazi: paneli ziwekwe wapi, nani atoe kibali na kwa siku ngapi, na wapangaji wa mtaa mmoja waruhusiwe vipi kuungana katika chama cha ushirika chenye paa moja la pamoja.

Onyo moja ni la lazima. Kawi safi haimtakasi anayeileta. Mradi wa upepo wa Kinangop, wa megawati 60, ulivunjika mwaka 2016 kwa mgogoro na wenyeji juu ya ardhi. Huko Lamu, leseni ya kituo cha makaa ya mawe cha megawati 1,050 ilifutwa Juni 2019 na baraza la kitaifa la kesi za mazingira, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kimoja kilikuwa cha upepo na kingine cha makaa. Kosa lilikuwa la jamaa mmoja. Na hapa Mombasa, watu wa Owino Uhuru waliingiwa na sumu ya risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikaithibitisha. Betri za sola nazo huzeeka. Anayetuletea paneli atuambie mapema betri zitazikwa wapi, na karibu na watoto wa nani.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Mosi, Kaunti ya Mombasa iuweke mpango wake wa kawi mbele ya wananchi, kwa Kiswahili, na kusikiliza maoni ya kila wadi kabla ya kuupitisha. Pili, mikataba yote ya kununua umeme ichapishwe, bei na fidia zake zikionekana. Tatu, shule za umma, zahanati na pampu za maji zitangulie kuwekewa sola kabla ya ofisi za wakubwa.

Msisubiri kuitwa. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kamati za haki na amani za parokia, vikundi vya akina mama, vijana wa mitaa na majirani zetu wa misikitini waandike barua moja kwa ofisi ya kaunti inayohusika na kawi, wakiomba nakala ya mpango huo. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa ofisa siku 21 kujibu. Wekeni nakala yenye muhuri wa kupokelewa, hesabuni siku hizo, na zikipita bila jibu mpelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Majibu mtakayopata, au ukimya wake, tutauchapisha katika ukurasa huu.