Gorogoro ya Kibera na haki ya mnunuzi

Pwani tuna kibaba na pishi. Kibera na Kawangware wana gorogoro, lile kopo la mafuta ya kupikia la kilo 2 wanalopimia mahindi na maharagwe. Maji nayo huuzwa kwa mtungi wa lita 20.

Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, inataka kilo na lita. Lakini anayeona gorogoro ni ushamba amekosea. Mwenye kibarua cha siku hununua chakula cha siku, na kopo likijaa analiona kwa macho yake.

Taabu ni kwamba kopo likibonyezwa kitako, mnunuzi hupunjwa bila kujua. Hata lililo zima hupima ujazo, si uzito: gorogoro ya maharagwe na ya unga hazilingani kwa kilo.

Kupiga marufuku makopo hakutamsaidia maskini. Wakaguzi wanaopiga mihuri mizani wayakague na makopo, na kila soko liwe na mzani wa kuhakikishia. Sisi tunaopima fitra kwa pishi kila Ramadhani tunajua kuwa kipimo cha jadi kinaweza kuaminika, maadamu kinalindwa.