Hoja Sita Dhidi ya Samatta

Kuanzia Maili Moja pale Kibaha hadi vijiwe vya bodaboda vya Kisarawe mjini, kesi ya straika Mbwana Samatta imeshafungwa: kijana wa Mbagala alikwenda Ulaya, akafika Uingereza, akachemsha. Hoja za upande wa mashtaka mmezisikia, pengine mara nyingi kuliko mlivyoitazama Genk yake ya Ubelgiji ikicheza. Nitazichukua moja moja, kila moja ikiwa na nguvu zake zote, bila kuipunguza. Uamuzi ni wenu.

Hoja ya kwanza ndiyo mama wa zote: Aston Villa ilimnunua Januari 2020, akacheza mechi 14 za ligi, akafunga bao moja, akaondoka. Takwimu ni za kweli. Kasoro yake ni yale yaliyoachwa nje. Villa iliingia sokoni dirisha dogo kwa sababu straika wake, Wesley, aliumia goti siku ya Mwaka Mpya, timu ikiwa inapigania kutoshuka daraja. Samatta alifunga katika mechi yake ya kwanza ya ligi, ugenini kwa Bournemouth. Machi 1, fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley, Manchester City wakiwa mbele 2-0, mwenzake El Ghazi alimimina krosi, Samatta akajirusha na kuizamisha kwa kichwa. Siku 12 baadaye ligi ikasimama kwa sababu ya korona, ikarudi Juni viwanjani hakuna mtu. Kuanzia hapo hakufunga tena, na hilo halifichiki. Lakini Villa nzima ilimaliza msimu na mabao 41 katika mechi 38, ikanusurika kwa pointi moja. Ukame wa timu nzima haubebeshwi mtu mmoja aliyeingia katikati ya msimu. Septemba ileile klabu ilimnunua straika Ollie Watkins kwa ada iliyotajwa kufika pauni milioni 28, wakati ile ya Samatta ilitajwa kuwa chini ya 10. Bei zenyewe zinaonyesha nani alinunuliwa kuziba pengo na nani alinunuliwa kujengewa timu.

Hoja ya pili inasema alichelewa: alikaa TP Mazembe ya Lubumbashi tangu 2011 hadi Januari 2016, akafika Ulaya, pale Genk, akiwa na miaka 23 wakati wenzake wameshakomaa huko. Nakubali kwamba 23 si 18. Lakini Junya Ito, winga wa Japani aliyezaliwa Machi 1993, miezi michache tu baada ya Samatta, alitua Genk Februari 2019, akikaribia miaka 26. Miezi mitatu baadaye wawili hao wakawa mabingwa wa Ubelgiji katika jezi moja. Ito hakuambiwa mlango umefungwa. Na hiyo miaka ya Lubumbashi inayoitwa ya kupotea ilimpa Samatta nini? Ubingwa wa Afrika wa 2015, huku akifunga katika mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger, kisha tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Huyo ndiye Samatta ambaye Mbelgiji alimgeuzia shingo.

Hoja ya tatu inatoka mara nyingi kwenye mdomo uleule uliotoa ya pili: aliondoka Genk mapema mno, angebaki angekuwa mfalme. Angalieni mgongano huu. Mtu huyohuyo alichelewa kwenda na aliwahi kuondoka. Kila tarehe aliyoichagua ni kosa, na tarehe sahihi haitajwi kamwe. Tuitazame Genk yenyewe. Msimu wa 2018/19 Samatta alifunga mabao 23 ya ligi, akatwaa ubingwa na tuzo ya Kiatu cha Ebony. Msimu uliofuata alifunga dhidi ya Salzburg katika Ligi ya Mabingwa, Mtanzania wa kwanza kufanya hivyo, kisha Novemba 2019 akapaa juu ya mabeki wa Liverpool kwenye kona na kufunga kwa kichwa palepale Anfield. Lakini katika wenzake, Trossard alikuwa ameshauzwa Brighton, Malinovskyi yuko Atalanta, na Sander Berge aliondoka Januari ileile kwenda Sheffield United. Timu ya ubingwa ilikuwa imeshagawanywa. Anayemlaumu Samatta kwa kuondoka anamtaka abaki kulinda nyumba ambayo wenyewe wameshaanza kuuza milango.

Hoja ya nne: baada ya Villa akawa mtu wa mkopo, leo Uturuki, kesho Ubelgiji, keshokutwa Ugiriki, na huko ni kuporomoka. Kwa haki yote, kule Fenerbahçe ya Uturuki hakung'ara, na ndiyo maana alipelekwa Antwerp, kisha akarudi Genk. Sehemu hiyo naiacha isimame. Haisimami ile hatua ya pili ya hoja, kwamba baada ya hapo hakuna kilichobaki. Mwaka 2023 alikwenda PAOK ya Thessaloniki. Msimu wake wa kwanza klabu ikawa bingwa wa Ugiriki na kufika robo fainali ya Conference League. Mwaka 2025 akasajiliwa na Le Havre ya Ligue 1 akiwa na miaka 32. Hakuwa tena straika wa mabao 23, na hakuna anayedai hivyo. Ila anayeporomoka hasajiliwi ligi kuu ya Ufaransa katika umri ambao wengi wanatafuta leseni ya ukocha.

Hoja ya tano ndiyo inayopigiwa makofi zaidi: tazameni Wajapani, wao wakifika Ulaya wanatoboa, sisi tunarudi. Basi tumchukue Mjapani mmoja na tumpime kwa rula ileile. Takumi Minamino alikuwa Salzburg wakati Genk inapigwa 6-2 huko Septemba 2019. Naye alifunga Anfield msimu huohuo. Naye alihamia Ligi Kuu ya Uingereza Januari 2020, kwa Liverpool. Nusu msimu ule alicheza mechi 10 za ligi bila bao hata moja, baadaye akakopeshwa Southampton, kisha akauzwa Monaco. Kwa kipimo cha vijiwe vyetu, huyo kafeli zaidi ya Samatta. Mbona yeye ni mfano wa kuigwa? Tofauti ya Japani haiko kwenye damu. Iko kwenye wingi na mpangilio. Kampuni ya Kijapani, DMM, iliinunua klabu ya Sint-Truiden mwaka 2017, katika mkoa uleule wa Limburg iliko Genk. Wajapani Endo, Tomiyasu na Kamada wote walipitia hapo. Akiteleza mmoja, nyuma yake wapo kumi. Samatta alipoteleza, nyuma yake palikuwa na sisi tunaopiga kelele.

Hoja ya sita imeingia karibuni: angebaki Simba, maana sasa Ligi Kuu yetu ina hela na klabu zetu zinafika fainali za Afrika. Ni kweli Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho 2023 na Simba ikafuata 2025. Lakini uamuzi wa 2011 haupimwi kwa pesa za 2025. Mazembe iliyomchukua ilikuwa bingwa wa Afrika mara mbili mfululizo, 2009 na 2010, na Desemba 2010 ilikuwa imecheza fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia dhidi ya Inter. Na kwa wanaoamini kwamba ligi ya nyumbani inamlea kila mtu, waende Mlandizi, Uwanja wa Mabatini, wawaulize mashabiki wa Ruvu Shooting iliyoshuka daraja 2023 kama hela hizo ziliwahi kufika kwao.

Zikiwekwa pamoja, hoja hizi haziwezi kuwa kweli zote. Kama Ulaya haiwezekani kwa Mtanzania, basi hakuchelewa kwenda. Kama angepaswa kubaki Simba, basi kuondoka Genk si kosa lake kubwa. Kama Mjapani ndiye kipimo, basi Villa si aibu. Upande wa mashtaka uchague hoja moja na kuitetea. Hadi sasa umekuwa ukirukia nyingine kila ile ya kwanza ikishikwa.

Na wakimaliza kuchagua, kuna swali la haki ambalo halimhusu Samatta hata kidogo: nani mwenye kazi ya kumzalisha Samatta wa pili? Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974, alijenga shule hapahapa Kibaha, na hakuna anayemlaumu kwamba hajazaliwa Bayi wa pili. Tunajua kuzalisha wakimbiaji si kazi ya mkimbiaji. Novatus Dismas na Kelvin John walipita Ubelgiji baada ya Samatta. Wa tatu, wa nne na wa kumi watatoka kwenye ligi za vijana zinazochezwa kila wiki, zenye makocha wanaolipwa. Kibaha na Kisarawe ziseme zinazo ngapi, ndipo tuendelee kumhesabia yeye mabao.