Uvimbe wa Shingo: Damu Kwanza, Picha ya Nyuklia Baadaye

Mkazi wa Kawe anayeambiwa kwamba uvimbe ulio shingoni mwake unahitaji kipimo cha nyuklia, na kwamba kipimo hicho hufanyika Ocean Road, husikia vitisho viwili kwa pamoja. Nyuklia humkumbusha mabomu. Ocean Road, katika masikio ya wengi jijini Dar es Salaam, ni jina jingine la saratani. Si ajabu barua ya rufaa ikabaki kabatini.

Hofu hiyo si kosa la mgonjwa. Taasisi ya Saratani Ocean Road ina kitengo cha tiba ya nyuklia, na kitengo hicho huchunguza pia maradhi yasiyo saratani. Kupelekwa huko kupimwa si kutangaziwa saratani. Maneno hayo machache yatamkwe na yule anayeandika rufaa, kabla mgonjwa hajainuka kitini.

Hata hivyo, maelezo mazuri hayatoshi iwapo rufaa yenyewe haikustahili. Picha ya nyuklia huonyesha zaidi jinsi tezi ya thairoidi inavyofanya kazi kuliko umbo lake. Mgonjwa hudungwa kiasi kidogo cha teknesiamu-99m, ambayo tezi huivuta kama inavyovuta madini joto, na kamera ya gama husoma mionzi itokayo shingoni. Uvimbe unaovuta kuliko sehemu nyingine za tezi huitwa “moto”. Usiovuta huitwa “baridi”. Kwa mtu mzima, uvimbe moto ni nadra sana kuwa saratani, na kwa kawaida hauhitaji kuchomwa sindano ya kutoa chembechembe. Uvimbe baridi ndio wenye mashaka, lakini nao, zaidi ya 8 katika kila 10 si saratani.

Hapo ndipo ulipo mpaka wa kipimo hiki. Kwa kuwa uvimbe mwingi ni baridi, na uvimbe baridi mwingi hauna madhara, jibu la “baridi” peke yake humwongezea mgonjwa hofu bila kumwonyesha njia. Picha huleta faida kubwa pale kipimo cha damu cha TSH kinapokuwa chini, dalili kwamba huenda tezi inazalisha homoni kupita kiasi. TSH ikiwa ya kawaida au ya juu, njia iliyo bora ni altrasaundi, kisha sindano nyembamba iwapo altrasaundi itaonyesha haja.

Wapo watakaosema uvimbe ukatwe tu, mashaka yaishe. Lakini anayeondolewa tezi yote humeza vidonge vya homoni maisha yake yote, na upasuaji hupita karibu na neva za sauti. Uvimbe moto unaosumbua waweza kutibiwa kwa madini joto yenye mionzi, bila kisu. Kuupuuza nako kuna gharama: homoni iliyozidi huvuruga mapigo ya moyo na kudhoofisha mifupa.

Kuhusu mionzi, ukweli usemwe wazi. Nguvu ya teknesiamu-99m hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6; baada ya siku moja hubaki takriban sehemu 1 ya 16. Mjamzito au anayenyonyesha lazima aseme mapema. Aseme pia anayetumia dawa za thairoidi au amiodaroni, na aliyepigwa picha ya CT kwa dawa yenye madini joto wiki za karibuni, kwa maana hayo hupotosha majibu.

Mhudumu wa afya aandike kiwango cha TSH juu ya kila barua ya rufaa ya uvimbe wa thairoidi. Na mgonjwa wa Kawe, kabla ya kupanda daladala kwenda mjini, anayo haki ya kuuliza swali moja: “Daktari, TSH yangu ni ngapi?”