Neno la Mhariri: Mwalimu wa Sayansi Apimwe Maabarani

Nchini Kenya hakuna anayeruhusiwa na sheria kufundisha shuleni pasipo kusajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC), chombo kilichopewa mamlaka yake na Kifungu cha 237 cha Katiba ya 2010 na ambacho kazi zake zimefafanuliwa katika Sheria ya TSC ya 2012. Kwa anayetaka kufundisha fizikia, kemia au biolojia katika shule ya sekondari kwa kiwango cha shahada, masharti yanajulikana: wastani wa alama ya C+ katika Mtihani wa Kitaifa wa Kidato cha Nne (KCSE), C+ katika kila mojawapo ya masomo mawili atakayofundisha, shahada ya elimu yenye angalau kozi 8 za kila somo kati ya hayo mawili, na mazoezi ya kufundisha, yaani kipindi ambacho mwanachuo hupelekwa shuleni kufundisha huku wahadhiri wakimkagua. Aliyesomea shahada ya sayansi bila elimu hutakiwa kuongeza stashahada ya uzamili katika elimu, ambayo ni kozi fupi ya kumfunza aliyekwisha kuhitimu namna ya kufundisha kile anachokijua. Hoja ya toleo hili ni kwamba masharti haya yana msingi na hayapaswi kulegezwa ovyo, ila yamenyamaza kuhusu jambo ambalo mwalimu wa sayansi hawezi kulikwepa hata kwa muhula mmoja, nalo ni uwezo wa kuandaa na kuendesha jaribio mbele ya darasa.

Ukimya huo unashangaza zaidi ukilinganishwa na namna mwanafunzi anavyopimwa. Katika KCSE, kila somo kati ya kemia, fizikia na biolojia lina karatasi tatu, mbili za nadharia zenye alama 80 kila moja na ya tatu ya vitendo yenye alama 40, na kwa hiyo sehemu moja kati ya tano ya alama ghafi za mtahiniwa hutafutwa kwa mikono, si kwa kumbukumbu peke yake. Siku ya mtihani wa vitendo wa kemia, mtahiniwa huweza kutakiwa kunyonya alkali kwa pipeti, kuiongezea matone ya kiashirio, yaani kemikali inayobadili rangi alkali inapokwisha kusawazishwa na asidi, kisha kuifungulia bureti tone kwa tone hadi rangi ibadilike. Mtahiniwa huyo hawezi kupata jibu sahihi ikiwa mwalimu na fundi wa maabara hawakuchanganya kemikali kwa vipimo vilivyoagizwa katika maelezo ya siri yanayotumwa shuleni kabla ya mtihani. Hata hivyo, mwalimu huyo mwenyewe alisajiliwa kwa vyeti vya masomo, fomu ya daktari na cheti cha mwenendo mwema kutoka polisi, bila yeyote katika mchakato wa usajili kumtaka ashike bureti.

Itajibiwa kwamba vyuo vikuu vimekwisha kumpima, na jibu hilo ni kweli kwa nusu. Mwanachuo wa shahada ya elimu ya sayansi hufanya majaribio mengi, lakini huyafanya akiwa mwanafunzi, katika maabara iliyoandaliwa na fundi, akifuata mwongozo uliochapishwa na mtu mwingine, na lengo la zoezi likiwa ni yeye kuielewa kemia au fizikia. Kuendesha jaribio ni kazi nyingine kabisa: kuamua kiasi cha asidi kinachowatosha wanafunzi wa mikondo yote ya kidato kimoja, kuizimua bila kujiunguza, kugawa bureti chache kwa makundi mengi, kutambua kwa jicho kundi lililokosea, na kugeuza kosa hilo kuwa somo kabla kengele haijalia. Stadi hizi hazimo katika kozi 8 za kemia, wala hazimo kwa lazima katika kozi za saikolojia na falsafa ya elimu, na kwa hiyo huachiwa mazoezi ya kufundisha, ambayo matunda yake hutegemea shule ambayo mwanachuo amepangiwa.

Miji ya Kitale na Bungoma, magharibi mwa Kenya, inafaa kuchunguzwa kwa sababu hapo tofauti kati ya cheti na kazi huonekana wazi. Mji wa Kitale uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, hupungua kadiri mtu anavyopanda, maji huchemka hapo kwenye nyuzi zinazokaribia 94 za Selsiasi badala ya 100 zinazoandikwa vitabuni; Bungoma, iliyo chini zaidi, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mwalimu aliyekariri kitabu, akiona kipimajoto kimekwama chini ya 100 huku maji yakitokota, atakilaumu kifaa, au atawaagiza wanafunzi waandike 100 ili jibu lilingane na kitabu, na hapo atakuwa amewafundisha kinyume cha sayansi. Mwalimu aliyezoea maabara atalifanya tukio hilo kuwa mlango wa kueleza kanieneo ya hewa, kwa nini maharagwe ya Kitale huchelewa kuiva kuliko ya Mombasa, na jinsi sufuria ya mvuke inavyofanya kazi. Walimu hao wawili huenda walihitimu siku moja na wakapewa shahada ya daraja moja, na hakuna sharti la usajili linaloweza kuwatenganisha.

Udongo unatoa mfano wa pili. Kaunti za Trans Nzoia, uliko mji wa Kitale, na Bungoma ni maeneo ya mashamba ya mahindi. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na kituo cha utafiti cha mji huo ndicho kilichotoa mahindi chotara ya kwanza ya nchi katika miaka ya 1960. Katika mashamba mengi ya eneo hili asidi ya udongo imeongezeka, na mbolea ya kupandia ya DAP ikitumiwa msimu baada ya msimu huizidisha, ndiyo maana wakulima hushauriwa kutia chokaa. Mada ya asidi na alkali, ambayo katika shule nyingi huishia ubaoni, ingeweza kuanza na kopo la udongo kutoka shamba la nyuma ya shule, maji safi na kiashirio. Kinachohitajika si fedha nyingi bali mwalimu aliyefunzwa kubuni jaribio kutokana na kilichopo.

Serikali yenyewe imekiri pengo hili, ingawa si kwa maneno. Katika miaka ya 1960 ilijenga Nairobi, kwa msaada wa Uswidi, Chuo cha Walimu wa Sayansi cha Kenya, ambacho kilitoa stashahada na kujijengea jina kwa kuwafunza walimu kwa vitendo, kabla ya kugeuzwa kuwa kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1998, ikisaidiwa na Japani kupitia shirika la JICA, ilianzisha mradi wa kuimarisha hisabati na sayansi, maarufu kama SMASSE, kwanza katika wilaya 9 za majaribio, zikiwemo Kakamega na Lugari zinazopakana na Bungoma na Trans Nzoia. Mradi huo uliwarudisha darasani walimu waliokwisha kuajiriwa, ukiwahimiza kutumia majaribio na kubuni vifaa, na ukazaa kituo cha CEMASTEA kilichoko Karen, Nairobi. Mafunzo kazini ni jambo jema, lakini maana yake ni kwamba nchi imekuwa ikitengeneza baada ya kuajiri kile ambacho ingekipima kabla ya kusajili.

Mwaka 2021 TSC ilipendekeza kuachana na shahada ya elimu, ili kila mwalimu wa sekondari asome kwanza shahada ya somo lake, kisha stashahada ya ualimu. Wahadhiri wa elimu walipinga, na ubishi ukawa juu ya mpangilio wa masomo: je, maarifa ya somo na mbinu za kufundisha visomwe kwa pamoja au kimoja kifuate kingine? Kwa mzazi wa Bungoma ambaye mtoto wake anasoma Kibabii, chuo kilichoanza mwaka 2011 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Masinde Muliro na kupata hati yake mwaka 2015, badiliko hilo lingekuwa na maana ya muda mrefu zaidi wa karo. Jarida hili linaona kwamba mpangilio wowote kati ya hiyo miwili unaweza kutoa mwalimu hodari au dhaifu, kwa kuwa hakuna hata mmoja unaomlazimisha mwombaji kuonyesha anachoweza kukifanya.

Swali la kumpima mwalimu maabarani limekuwa la dharura kwa sababu ya mtaala mpya wa shule unaoitwa Mtaala wa Umilisi. Tangu Januari 2023 wanafunzi wa sekondari msingi husoma Sayansi Jumuishi, somo linalounganisha fizikia, kemia na biolojia, katika madarasa yaliyo ndani ya shule za msingi ambazo kwa kawaida hazikujengwa na maabara. Mwalimu aliyehitimu kwa biolojia na kemia hujikuta akifundisha umeme, ambao pengine aliuacha akiwa kidato cha pili, na sharti la masomo mawili halimsaidii. Mwaka 2026 kundi la kwanza la mtaala huo linaingia Gredi ya 10, ambapo sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati ni mojawapo ya mikondo mitatu ya sekondari ya juu, na wengi watausomea mkondo huo katika shule za kutwa, si katika shule kubwa za bweni kama Kamusinga, Lugulu au St. Joseph's Kitale.

Kuna pingamizi linalostahili kujibiwa kwa heshima. Wahitimu wengi wamekaa miaka wakiwa na nambari ya TSC bila ajira, wakifundisha kwa malipo madogo ya bodi za shule, na kuwaongezea kikwazo kingine kungekuwa dhuluma. Ni kweli pia kwamba upungufu wa walimu huishawishi serikali yoyote kulegeza masharti. Tanzania ilifanya hivyo katika miaka ya 2000, shule za kata zilipoongezeka haraka, na walimu waliopewa mafunzo ya muda mfupi wakabandikwa jina la vodafasta, jina lililobeba kejeli ya wananchi na kuwaumiza walimu wenyewe. Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Lwakhakha na Suam, imeelekea upande wa pili kwa sera ya 2019 inayotaka kila mwalimu awe na shahada. Kati ya kulegeza na kukaza ipo njia ya tatu, ambayo ni kupima jambo linalofaa.

Njia hiyo ina hatua tatu. Kwanza, sehemu ya mazoezi ya kufundisha ifanywe maabarani kwa lazima, na mwanachuo aliyepangiwa shule isiyo na maabara apewe wiki kadhaa katika shule jirani iliyo nayo. Pili, kabla ya kusajiliwa, mwombaji aandae na kuendesha majaribio machache mbele ya wakaguzi wa chuo na wa TSC kwa pamoja, moja likiwa la kutumia vifaa vya kubuni, na gharama isibebwe na mwombaji. Tatu, mzigo huo mpya ufidiwe kwa kulegeza ule wa zamani: aliyekosa C+ ya fizikia katika shule isiyokuwa na maabara, kisha akalipita somo hilo chuo kikuu na kulithibitisha kwa mikono yake, asifungiwe mlango kwa alama aliyoipata akiwa kijana wa miaka 18. Makala zinazofuata zinaichunguza kila hatua kwa upande wa vyuo, shule na sheria, na msomaji anaombwa azisome akiwa na swali moja: ikiwa mtoto hutakiwa kuthibitisha sayansi yake maabarani ili apate cheti, ni kwa hoja gani mwalimu wake atasamehewa?