Mlazo wa Herufi na Hadhi ya Lugha Jirani

Katika tasnifu nyingi za fasihi ya Kiswahili, neno lisilo la Kiswahili hulazwa. Kwa desturi hiyo, neno la Kikamba huonekana mgeni ukurasani sawa na neno la Kilatini. Ni maoni yangu kwamba mlazo usiachwe, bali ubadilishiwe kazi: uonyeshe mfano unaochanganuliwa, si ugeni wa lugha. Kwa kazi hiyo, herufi zinazofaa ni zile zilizolazwa, zenye upana sawa na zisizo na vijikia.

Mlazo ulianzia Venice, ambako Aldus Manutius alichapisha kitabu kizima kwa herufi hizo mwaka 1501. Upana sawa ni urithi wa taipureta: kila kibonye kilisogeza karatasi hatua ileile, hivyo i na m zikapata nafasi moja. Taipureta ya kawaida haikuwa na mlazo. Mwandishi alipiga mstari chini ya neno.

Sifa hizi zina faida gani kwetu? Tunapochanganua kitenzi, upana sawa huwezesha kila mofimu kukaa juu ya maelezo yake, na mlazo hutenga sauti ya msimulizi na sauti ya mtafiti. Hata hivyo, tusizidishe sifa. Upana sawa hauhesabu mizani, kwani mizani ni silabi, si herufi. Aidha, aya ndefu za herufi hizo huchosha macho na kumaliza karatasi. Zitumike kwenye mifano pekee.

Lililo zito zaidi ni alama. Kikamba kina irabu saba, na herufi ĩ na ũ hubeba maana. Mtafiti anayekusanya ngano Matiliku, Makueni, atasikia tũma, yaani tuma kwa Kiswahili, na pia tuma, yaani shona au suka, kama wasukavyo vyondo akina mama wa Ukambani. Kiswahili hutofautisha jozi hiyo kwa konsonanti: tuma na fuma. Kikamba huitofautisha kwa irabu. Tukiondoa kiwimbi kilicho juu ya ũ, tunafuta ushahidi wa udugu wa lugha hizi, na mtahini hawezi kujua kama mhusika alitumwa au alisukwa.

Wala kisingizio cha mashine hakipo tena. Herufi hizo zimo katika Unikodi, na fonti kama DejaVu Sans Mono Oblique, ambayo haiuzwi, inazo pamoja na mlazo na upana sawa.

Napendekeza, basi, idara zetu ziandike katika miongozo ya tasnifu mambo mawili: mlazo unamaanisha nini, na kwamba hakuna fonti itakayokubaliwa ikiwa inapoteza irabu za msimulizi. Anayetupa ngano yake anastahili kusomwa kama alivyosema.