Mzamiaji Asigeuke Kamba ya Kuanikia

Mgeni anayejiandaa kushuka kwenye matumbawe ya Mnemba, au kule Ghuba ya Chole kisiwani Mafia, huwa ameshalipia kila kitu: boti, mtungi, mwongozaji na ada ya hifadhi. Mtazame akiwa amekaa ukingoni, tayari kujirusha kinyumenyume. Geji ya kupimia hewa imelegea hadi magotini. Mdomo wa akiba, ule wa njano ambao mwenzake ataukimbilia akiishiwa hewa, unabembea nyuma ya kiuno. Tochi, kamera na kijiti cha kugongea mtungi vimefungwa kwa chochote kilichopatikana asubuhi hiyo.

Majini mzamiaji huogelea kifudifudi, kwa hiyo vyote hivyo humtangulia kwenye matumbawe. Porites, tumbawe gumu lenye umbo la jabali, huongezeka kama sentimita moja tu kwa mwaka. Matawi membamba ya aina nyingine hukua haraka zaidi, lakini huvunjika kwa kuguswa na geji moja inayoburutwa, na aliyeyavunja wala hana habari, maana jambo lenyewe limetokea chini ya tumbo lake.

Mchanga nao haumwachi salama. Mdomo wa akiba unaoburuzwa chini huokota chembe, chembe zikiingia kwenye vali hewa huanza kumwagika yenyewe. Kwenye mita 20 shinikizo ni mara tatu ya lile la juu, na hewa ya mtungi huliwa kwa kasi hiyo hiyo. Hapo ndipo kifaa cha kuokoa maisha ya mwenzake kinapogeuka tatizo la wote wawili.

Walioumizwa kichwa na suala hili mapema ni wazamiaji wa mapango ya Florida, Marekani. Pangoni mtu hawezi kupanda juu moja kwa moja, maana juu ya kichwa ni mwamba, na njia ya kutokea ni kamba nyembamba iliyotandazwa tangu mlangoni. Kitu chochote kinachoning'inia kinaweza kuinasa. Sheck Exley, bingwa wa mapango hayo, alichapisha mwaka 1979 kitabu kidogo kilichochambua ajali za wenzake ili walio hai wajifunze. Wengine wakaendeleza kazi: mwishoni mwa 2007 Jarrod Jablonski na Casey McKinlay walipita chini ya ardhi huko huko Florida, kutoka Turner Sink hadi Wakulla, takriban kilomita 11, kwenye kina cha karibu mita 90. Huko kila kifaa kina mahali pake mwilini na hakuna kinachobembea.

Kutoka kwao zimebaki kanuni mbili ambazo mwambao wetu unaweza kuzichukua bila gharama.

Ya kwanza ni kuikataa kulabu ya mashua, ile yenye ulimi unaosukumwa kwa ndani. Mshipi ukiugusa, ulimi hufunguka, mshipi unaingia na hautoki. Wazamiaji wa Florida waliibandika jina la kulabu ya kujiua. Badala yake hutumika kulabu yenye komeo la kuteleza, ambayo haifunguki mpaka kidole kivute komeo. Penye nyavu na mishipi iliyotelekezwa kwenye miamba, kama ilivyo sehemu nyingi za pwani yetu, tofauti hiyo si ndogo.

Ya pili ni kutounganisha kifaa na kulabu kwa chuma. Springi ikiliwa na chumvi, komeo hukwama, na chuma hakikatiki kwa kisu. Kwa hiyo kulabu hufungwa kwenye tochi au geji kwa uzi wa nailoni. Uzi hupitishwa mara mbili au tatu kwenye tundu la kulabu na tundu la kifaa, huzungushwa katikati hadi ukaze, hupigwa fundo mara mbili, kisha ncha huchomwa kwa kiberiti ili ziyeyuke na kugandamana. Uzi wenyewe unauzwa katika duka lolote la vifaa vya uvuvi, ni ule ule wa kutengenezea nyavu. Vibano vya plastiki vya kufungia nyaya huchanika ghafla, na vile vikamba vya kujivuta vyenye springi, pamoja na bei yake, huziba mchanga. Mdomo wa akiba unatosha kuvishwa shingoni kwa mpira laini. Mipira mingine hukatwa kutoka tyubu ya baiskeli, na mafundi wa kuzamia kina kirefu huitumia hiyo hiyo kubana mabomba kwenye mitungi yao.

Wapo watakaosema mapezi ya miguuni ndiyo yanayogonga matumbawe zaidi. Ni kweli, na utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kutoka St Lucia, Karibi, ulionyesha hivyo. Lakini utafiti huo huo ulionyesha kwamba maelezo mafupi ya mdomo hayakupunguza uharibifu, ila mwongozaji alipoingilia kati chini ya maji. Kule Ras Mohammed, Misri, somo refu zaidi kabla ya kuzama lilishusha migusano kutoka 1.4 hadi 0.4 kwa kila dakika saba. Kumfundisha mtu kupiga mapezi vizuri huchukua muda. Kufunga geji kifuani ni kazi ya dakika moja, tena hufanyika mchana kweupe juu ya boti.

Ndiyo maana hifadhi za bahari, Malindi na Watamu zilizotengwa tangu 1968 na Mafia tangu 1995, zinapaswa kuliweka hili kwenye masharti ya vituo vya kuzamia, pamoja na leseni na maboya. Vituo navyo viache kukodisha makoti ya hewa yasiyo na kulabu hata moja. Ukaguzi wenyewe ni rahisi: kabla ya kuvaa mtungi mzito, au akiwa ameshikwa na mwenzake, mgeni ainame mbele hadi mgongo ulale sawa na sakafu. Kinachoshuka chini ya tumbo kifungwe upya, na kisichofungika kibaki kwa nahodha.